Mama, Usiing'oe Michai Kwanza

Barabara ya Port Bell,
Kampala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mvua za huko Rungwe zimekuachia nafasi ya kuanika chochote? Mimi ni mzima, nakula matoke mpaka nimeanza kuyapenda.

Kaka Ambakisye kaniambia mnataka kung'oa michai yote mpande maparachichi, kwa kuwa lori la kiwanda haliji na majani yanaozea barabarani. Namwelewa. Lakini nisikilize kwanza, mama. Nimeandika kwa sababu kwenye simu kaka hanipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Hapa ghalani namsaidia Hajati Zamzamu, Mnubi wa mtaa wa Kisenyi, anayeonja chai kabla haijachanganywa na kufungwa. Mwanamke huyu ananishangaza kila siku. Anapanga vikombe mezani, anafyonza kijiko kimoja kwa mlio ambao wewe ungenifinya kwa kuutoa mbele ya wageni, kisha anatema kwenye ndoo. Siku ya kwanza nilishindwa. Nitemeje chai niliyopewa na mtu mzima? Nikameza kila kikombe.

"We Subi, kwa nini wewe nameza?" akaniuliza. "Tema, nyabo! Hapa hakuna mugeni, hapa kazi." Nyabo ndiyo "bibie" ya huku.

Sasa natema kama yeye. Na mimi niliyekulia shambani nilidhani kila chai ina mti wake! Kumbe mchai ni uleule. Vichipukizi vikikaushwa bila kusumbuliwa vinatoa chai nyeupe, nyepesi, yenye utamu wa mbali. Jani likipitishwa motoni mapema linabaki kijani, linanukia kama majani ya maboga. Likisokotwa na kuachwa lipate hewa linageuka jekundu na kunukia tunda lililoiva. Ukilisitisha katikati ya kugeuka, linanukia maua. Lile linalosagwa na mashine ndilo letu la kiwandani, kali, la kutia maziwa.

Juzi nikamtilia Hajati ile chai yako niliyokuja nayo, unayoinyausha kwenye ungo na kuisokota kwa viganja lori lisipokuja. Sikumwambia ni ya nani. Akafyonza, akameza. Kisha akaomba kikombe kizima.

"Hii nani alitengeneza?"

"Mama yangu, jikoni."

"Jikoni? Wee! Huyo mama iko na mikono. Hii asali kabisa! Mwambia alete ingine, mimi taonyesha bosi."

Nilitoka nje nikalia kwa furaha, mama. Miaka yote tumeiita chai ya shida, na tukija kutembelewa na wageni unaificha.

Siwezi kukuahidi soko, bosi anaweza kukataa. Shamba ni lako, na mgongo unaouma ni wako. Maparachichi kaka ayapande upande wa bondeni, sina neno. Ila ile mistari ya karibu na jiko iacheni, hata bosi akikataa.

Nisalimie shangazi anayekusaidia kuchuma, na wifi yangu, mke wa kaka, pamoja na kichanga chake. Kaka naye msalimie, asininunie.

Hajati aliniuliza baada ya kuisokota unaifunika kwa muda gani kabla ya kuikausha, nikamwambia nitakuuliza. Nikipata likizo nakuja, tukae jikoni unifundishe mwanzo hadi mwisho. Nataka kujua wakati bado nina wa kumuuliza.

Binti yako akupendaye,
Subilaga