Chuma cha Papa Dieudonné

Jumatatu, 10 Februari 2003
Kisu kimepinda tena. Kwenye goti la mbuzi, mbele ya wateja. Safari, jirani yangu wa meza ya nyama, amecheka hadi akashika kiuno. Chake kimetoka kwa fundi kijana wa mtaa wa Rwambuzi na kinapita kwenye mfupa kama kwenye ndizi. Changu ni cha Papa Dieudonné, mhunzi mzee wa mtaa wa Shari. Miaka yote nimempigia debe mzee huyu. Wachinjaji wote walianza kununua kwake kwa sababu ya mdomo wangu. Sasa wanasema ameishiwa na ufundi. Jumamosi tutachagua fundi mmoja wa kutengeneza visu vya soko zima. Akikosa kazi hiyo, atafunga karakana. Nina hasira naye.

Jumanne, 11 Februari
Nimekwenda Shari kwenye karakana ya mzee, nikakaa nikamwangalia akifanya kazi. Mikono ni ile ile. Anasoma rangi ya moto, anapiga, anageuza, hapotezi pigo hata moja. Hakuna fundi kama huyu Ituri nzima, na nasema hivi nikiwa nimekasirika. Lakini kilichokuwa motoni ni nondo ya ujenzi. Nondo! Visu vyake vya zamani vilitoka kwenye resori, yale mabamba ya chuma yanayobeba lori. Nimemuuliza.

"Resori haiko, Mama."

Kabla sijaondoka akafika mtu, baiskeli imejaa resori. Mzee akamuuliza zimetoka wapi. Yule akamjibu kwa sauti ya chini, mzee akamfukuza. Nimedanganywa mchana kweupe.

Alhamisi, 13 Februari
Milio ya risasi tangu asubuhi. Soko limefungwa. Jana niliazima kisu cha Safari. Leo nimekikatia nyama ya chakula cha watoto wangu. Kinakata raha. Naumia kuandika hivyo. Jumamosi nitamchagua kijana.

Ijumaa, 14 Februari
Nimemwendea mzee nimwambie usoni. Amenisikiliza, akaweka nyundo chini.

"Mama, ile resori inatoka mu malori yenye ilichomwa kwa njia ya Iga Barrière. Watu walikuwa ndani. Ile kijana ya Rwambuzi anainunua. Miye siwezi kufanya nayo kisu ya kukata chakula ya watoto. Nangojea gari yenye kufa na uzee wake."

Nikamwambia chuma kikipita motoni kimeshatakata.

"Basi, kula."

Jana tulikula, mimi na watoto, nyama ya kisu cha Safari.

Nikasema kesho nitawaeleza wote. Amekataa kabisa. "Weye unajua ndugu ya Safari."

Ndiyo, namjua. Alikuwa dereva. Mwaka jana aliondoka na lori kuelekea Iga Barrière, na Safari bado anamngoja. Kumbe mzee ameacha jina lake lichafuke ili Safari asijue anakata nyama kwa chuma gani. Nimelia njiani, watu wakiniona. Na ile nondo anahangaika nayo kuliko alivyohangaika na resori: anaipiga zaidi, anauacha mgongo wa kisu ukiwa mnene, anaizamisha ingali moto kwenye maji badala ya mafuta ya mawese, ili angalau ishike makali. Chuma kimeshuka. Kazi yake haijashuka hata kidogo.

Jumamosi, 15 Februari
Nimesema mimi nabaki na Papa Dieudonné. Wakataka sababu. Nikasema ninayo na siitoi. Wamecheka, mmoja akauliza kama mzee amenioa. Kijana wa Rwambuzi amepata kazi. Nimewachukia wote.

Watu walipotawanyika, Safari akabaki nyuma.

"Mama, juu ya nini Papa anakataa resori?"

Nikainamia meza, nikaanza kufuta damu. Mimi, ambaye soko zima linajua sinyamazi. Akakitazama kisu chake, nilichomrudishia asubuhi. Akakilaza juu ya meza yangu, akaenda zake.

Jumapili, 16 Februari
Sikwenda kanisani. Nimechimba nyuma ya nyumba, nikakifukia kile kisu. Nimesali hapo hapo.

Jumatatu, 17 Februari
Wateja wachache. Safari amefika na kisu kipya cha mgongo mnene. Nimeutambua mkono wa mzee. Kufikia mchana kilikuwa butu. Ameniomba jiwe la kunolea. Amenoa polepole, kisha akachukua changu, akakinoa pia.