Kipa Aliyeambiwa Akalime Vidunda

Upendo shoga, acha vyote usome hii!

Zabron wangu kaenda kwenye kikao cha usajili cha timu yao hapa Mikumi, asaini tena. Timu ya Kimamba walimtaka, akawakatalia! Nikamsindikiza. Tunafika mlangoni, tunamsikia mwenyekiti: "Kipa yule mzee simwongezei mkataba. Akalime Vidunda, huko milimani."

Akalime! Vidunda!

Zabron kaingia, kamwamkia shikamoo, kisha kawapigia Kimamba palepale mbele yao: "Nakuja."

Mwenyekiti kacheka, kamwonyesha straika wake aliyetoka kusaini: "Abubakari huyu atakufunga kwa penalti."

Zabron kamgeukia Abubakari: "Mdogo wangu, penalti unapigaga wapi?"

"Kushoto chini, kaka. Si unanidakaga kila siku mazoezini."

Weee! Mwenyekiti kajifanya anapanga fomu!

Siku Kimamba wakija kucheza hapa, naingia uwanjani na jembe. Namkabidhi mwenyekiti mkononi, akalime.