Mafundi Wote Mko Huko

12 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na wote hapo nyumbani hamjambo. Mimi ni mzima, nasukuma siku. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumbani tuko sita na tunalala kwa zamu. Nikipata nafasi ya kuongea, mwenzangu ndiyo kwanza anavuta shuka, na mtu aliyeshinda akibeba zege huwezi kumpigia kelele za "halo, halo".

Kazi yangu ni ile ile, kupiga lipu kuta za ghorofa. Msimamizi ananisifu, ingawa pasipoti zetu bado amezifungia kabatini kwake. Si neno. Pale kijiweni kwetu tulikuwa kundi zima la mafundi tunagombea ukuta mmoja wa choo, na aliyeupata ni yule aliyekubali malipo ya chakula cha mchana. Hapa angalau jasho lina bei.

Sasa, mama, nyumba yako. Pesa ya kuanzia nimetuma. Mwambie fundi wetu Mzee Kesho achimbe msingi. Kuta zikifika kwenye lenta, juu ya madirisha, nakuja kupaua mwenyewe. Mkataba unaisha Desemba na siuongezi. Hiyo ni ahadi.

Mwanao.


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mgongo wangu umezoea kunilalamikia, tumekuwa kama mke na mume. Wewe unakula vizuri? Kwenye picha shingo naiona nyembamba.

Nyumba imefika magotini, ikakaa. Mzee Kesho alifanya kazi siku chache, akasema kesho, na kesho yake hiyo sijaiona. Simlaumu sana. Ndiye fundi pekee aliyebaki mtaani, na kila mtu anamtaka. Siku hizi anapokelewa kwa chai kama mkwe.

Nikueleze ninachokiona hapa. Uliondoka wewe, ukatuma picha umevaa kofia ya kazi. Akafuata rafiki yako Mrefu. Akafuata Kijiko, ambaye hata kunyoosha uzi wa ukuta hajui. Kila mmoja anatuma pesa mama yake ajengewe. Pesa inafika, saruji inapanda bei kwa kuwa wote tunainunua, na wa kujenga wote mko huko mnawajengea wengine. Mtaa umejaa kuta zilizoishia magotini, na mbuzi ndio wanaohamia. Mliondoka kwa sababu kazi hakuna. Sasa kazi tele, nyinyi hampo.

Usihuzunike lakini. Nimepata fundi. Amevuka mpaka kutoka nchi ya pili, watoto wanamwita Jirani. Mimi nitakuwa saidia fundi wake, nichanganye udongo wa saruji na mchanga na kubeba maji kama nilivyomfanyia marehemu baba yako. Nakutumia picha ukuta ukipanda.

Mama yako.


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia. Picha yako nimeiangalia nikiwa kwenye foleni ya kuoga, watu wakanipita.

Huyo Jirani mwachishe kazi. Hao wa kuvuka mpaka wanakubali bei ya chini, wanaharibu soko, halafu wanalipua kazi. Ukuta wa upande wa mlango umeinama kulia, hata mtoto anaona. Uvunjwe kabla udongo haujakauka. Tafadhali, mama, fundi ni mimi.

Jambo lingine. Msimamizi anataka kunipa cheo, niongoze kundi letu, kwa miaka miwili zaidi. Nikikubali, nyumba itamaliziwa na mafundi wa maana. Najua nilichokuahidi. Fikiria, uniambie.

Mwanao.


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole na foleni. Sisi tu wazima na tumeshiba. Nimefikiria.

Kwanza ukuta. Nimetoa timazi ya baba yako, kile kichuma chake na kamba, nikaiteremsha kutoka juu. Kamba ikaambaa na ukuta mpaka chini, hapana pa kupitisha ukucha. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile nilipopiga picha mgongo ulikuwa umenikamata. Ukuta umesimama wima, mwanangu. Aliyeinama ni mama yako. Jirani alicheka mpaka akakalia ndoo ya udongo.

Pili, hayo maneno ya "wa kuvuka mpaka". Yameniudhi, nakwambia wazi. Wewe ulipitaje, angani? Huko uliko hakuna anayesema wewe ndiye uliyemshushia bei? Jirani naye ana mama, na ukuta wa mama yake umeishia magotini kama wangu, maana mafundi wa kwao wameenda mbali zaidi. Alikuja na bei ya chini kweli. Nikamlipa ile ya Mzee Kesho. Ukitaka soko lisiharibike, usimlipe mtu nusu.

Tatu, hicho cheo ni chako. Sitakwambia njoo, wala sitakwambia baki. Nakukumbuka kila siku, hilo ulijue, lakini sikuvuti kwa machozi.

Mama yako.


18 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Pesa inafika, maneno hayafiki. Mama yake Mrefu ameniambia u mzima, basi nikashukuru, nikanyamaza. Leo nimechoka kunyamaza.

Nyumba imefika kwenye lenta. Pembeni ya mlango nimeacha nafasi ya tofali moja, lako. Unakumbuka baba yako hakukabidhi nyumba mpaka yeye mwenyewe aweke tofali la mwisho kwa mkono wake? Upepo unapita hapo unapiga mluzi, Jirani ananiomba aizibe, namkatalia.

Habari yenyewe ni hii. Mama yake Mrefu aliona ukuta wangu, akataka na wake. Kisha mama yake Kijiko. Tukakusanyika na wanawake wawili waliokuwa saidia fundi zamani, Jirani akatufundisha kushika mwiko, na sasa tunamaliza nyumba zenu, zile mlizotutumia pesa zijengwe. Mimi ndiye ninayepanga kazi. Ukuta wangu wa kwanza nilioujenga peke yangu nimeupima kwa timazi, na sioni haya kujisifu.

Kwa hiyo sikubembelezi. Nakupa kazi. Malipo hayafiki ya huko, sikudanganyi, lakini toa kodi ya kitanda cha zamu na makato ya wakala aliyekupeleka, uone kinachobaki. Pasipoti yako utaifungia kabati lako mwenyewe. Kuta za watu zinaningoja, nijibu mapema. Ukikataa nitamchukua mdogo wake Jirani.

Mama yako.


3 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Nisamehe kimya changu. Mgongo unaendeleaje, maana sasa umekuwa mgongo wa fundi?

Cheo kile nilikichunguza. Wameleta vijana kutoka nchi nyingine, wanakubali nusu ya malipo yetu. Kazi yangu ya uongozi ingekuwa kumwambia Mrefu na Kijiko wakubali nusu hiyo hiyo au wafungashe. Nilisimama mbele ya msimamizi, maneno yako ya kumlipa mtu nusu yakanijia mdomoni, nikayasema. Hakuyapenda. Kazi ya cheo kampa mwingine, na mimi sijutii hata kidogo.

Pasipoti ninayo mfukoni. Nilikaa mlangoni kwake na wenzangu mpaka akafungua kabati. Namalizia mkataba, Desemba nakuja. Mrefu anauliza kama kuna nafasi. Kijiko naye anauliza. Uzi bado unamshinda, ila kwa kuchanganya udongo hana mpinzani.

Jirani mpe salamu zangu, na umwambie nilikosea. Akitaka kwenda kumalizia ukuta wa mama yake, niko tayari kufuatana naye. Tofali langu asiliguse mtu.

Kazi nimeikubali, mama. Mwiko wangu nakuja nao, lakini najua pa kuanzia: nitabeba maji, nitachanganya udongo, mpaka utakaponipandisha cheo.

Mwanao na saidia fundi wako.