Masikio ya Mzee Pontien

Ijumaa, 4 Julai 2003

Leo nimepanda mtaa wa Kinanira kwa Mzee Pontien. Yeye ndiye aliyenifundisha piano nikiwa mtoto. Anataka orkestra yetu ichukue sinte yake, kinanda cha umeme cha mwaka 1978. Nzito kama jiwe la kusagia! Vitufe vya kuzungusha thelathini na kimoja — nimehesabu — na haikumbuki kitu. Unatafuta sauti nusu saa, ukigusa kitufe kimoja imepotea. Joto likizidi, noti zinapanda zenyewe. Lakini ikilia... niliihisi tumboni kabla ya masikioni. Mzee alikuwa ananitazama usoni, anacheka.

Térence, mkubwa wa orkestra, hataki kusikia. Ameona mpya dukani mjini. Nyepesi, imeiga sauti zote za zile za zamani, unabonyeza tu. Anasema arusi siku hizi zinaisha mapema, kila mtu anawahi nyumbani kwa sababu ya vita. Nani ana muda wa kungoja chuma kipate moto?

Lakini mpigaji ni mimi. Ameniachia nichague.

Jumapili, 6 Julai

Duka limetuazima ile mpya. Baada ya kanisa tukapanda nayo Kinanira. Mzee akaitazama, akasema hiyo ni picha ya sauti tu, yeye atazitofautisha hata akifunga macho. "Tujaribu basi, mzee!" Térence akasema. Mara simu yake ikalia, akatoka uani kutafuta réseau, ndani simu haishiki. Mama Zubeda, mke wa mzee, alikuwa jikoni.

Tukabaki wawili. Mzee akageukia ukuta. Nikapiga kipande kilekile mara mbili. Kwanza mpya. Kisha yake.

"Ya pili ndiyo yangu," akasema. Hakusita hata kidogo.

Na mi nikasema: "Apana, mzee. Umekosea."

Nimesema hivyo! Mimi! Kwa nini? Nilitaka ile mpya, basi. Nyeusi, inang'aa — nilikuwa nimeshajiona nayo Kibenga kwenye arusi ya Jumamosi. Ningemwambia tu kwamba nimeipenda mpya, angekubali. Lakini kumkatalia usoni niliona haya. Kumdanganya sikuona haya.

Aligeuka polepole. Akashika sikio lake la kulia, akalivuta kidogo. "Basi nimezeeka," akasema. "Chukueni mpya, mwanangu."

Térence aliporudi akamcheka. Mzee naye akacheka. Kidogo.

Jumatatu, 7 Julai

Vita mjini! Tangu alfajiri. Mabomu upande wa kusini — Musaga, Kinanira. Huku kwangu Bwiza madirisha yanatetemeka. Niko chini ya kitanda, natoka, narudi. Nimempigia mzee. Simu inalia, haipokelewi. Napiga tena. Sasa hata kulia hailii.

Jumanne, 8 Julai

Watu wanashuka na magodoro kichwani. Masufuria, mbuzi, watoto. Nimesimama barabarani tangu saa mbili. Kila anayetoka Kinanira namuuliza. Mmoja ameniambia nyumba ya yule mwanamuziki ilipigwa. Mwingine: apana, ya jirani yake. Sijala.

Alhamisi, 10 Julai

Wako hai! Wamefika kwangu saa nne asubuhi, baada ya siku tatu njiani wakijificha, mzee anasukuma toroli. Nikafunua blanketi nikidhani ni nguo zao. Sinte! Hakuna kingine. Hata sufuria moja. Na Mama Zubeda mkono umefungwa kitenge, damu imekauka. Kipande cha bomu.

Nimemwosha. Mzee alipokwenda kuoga, mama akanieleza, sauti chini.

Jumatatu, kabla ya jua, mzee ndiye wa kwanza kusikia. Nyayo nyingi nyuma ya ua, na chuma kikigonga chuma. Akaketi kitandani. Mama akamuuliza kuna nini. Akajibu: "Si kitu. Masikio yangu yananidanganya siku hizi, yule mutoto amenionyesha jana." Akalala tena. Akalala! Majirani walipotoka mbio wao walikuwa bado ndani wanatafuta viatu. Bomu likaangukia jikoni.

"Mume wangu ana masikio ya paka," mama akasema. "Miaka kumi ya vita hii, ni yeye anatuamsha siku zote." Akaninyooshea mkono nimalize kuufunga. "We Dévote, siku ile alikosea sana?"

Nikasema maji yamechemka. Nikatoka.

Ijumaa, 11 Julai

Térence amepita. Arusi ya Kibenga imeahirishwa. Nilimsikia akiongea, sikumbuki amesema nini kingine.

Mzee amemwita Cirimwami, fundi wa redio mwenye kibanda hapa jirani, mtu wa Uvira. Anataka aivunje sinte, achukue vipande vitakavyomfaa. Cirimwami amekataa: "Mzee, hii aipatikani tena. Mi naweza kuitengeneza, kuiua siwezi."

"Njiani niliiweka chini mara tatu," mzee akasema. "Mara tatu nikarudi kuichukua. Mke wangu anatoka damu, mi nasukuma piano! Na sauti yake hata siijui. Fungua."

Mama alikuwa anatazama mkono wake.

Wamenituma shuka la kutandika chini, parafujo zisipotee. Nimeingia chumbani, nimekaa, naandika. Nikisema, mzee atajua masikio yake ni mazima. Atajua pia ni nani aliyemrudisha kulala. Na mama atajua. Nitamfunga vipi tena mkono ule?

Kifuniko cha nyuma kimetoka, nimekisikia kikigonga saruji. Cirimwami anauliza, "Mzee, kweli nikate?"

"Kata."

Nimepiga kelele. "Ngoja!" — kwa nguvu. Mzee anauliza kuna nini. Sasa nasikia viatu vyake, anakuja mlangoni. Naweka kalamu, nikamwambie.