Papa, Nimewaambia Kwamba Hukuwa na Huruma

Papa,

Uwanja umekwisha. Ninalitanguliza hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla ya habari za Mama, na Mama mwenyewe analijua wala hana kinyongo. Ulipotutoka, nguzo za jukwaa zilikuwa bado chuma kitupu, na wewe ulikuwa umelala hospitali ukiniuliza kama mafundi wanamwaga maji ya saruji upande wa goli la mlimani. Walikuwa wanamwaga. Nilikwambia hapana.

Sasa jukwaa lina paa. Viti ni vya plastiki, na kila kimoja kina namba. Nyasi zilikuja zimekunjwa kama mikeka, juu ya malori yaliyoshuka kutoka Bukavu kwa barabara ya Luvungi, na nasikia watu wa Sange walisimama kando wakibishana kama ni mazulia ya msikiti mpya. Timu ya mji haisafiri tena kwenda kucheza ugenini mechi zinazoitwa za nyumbani. Wakaguzi wa ligi walipita, wakapima, wakaridhika. Na mistari haichorwi tena, Papa. Imeshonwa ndani ya nyasi kiwandani, na imenyooka kuliko yako. Nivumilie. Mstari wako wa kati ulikuwa ukipinda kidogo kuelekea ziwani, na mji mzima ulikuwa ukikuita Papa Teren, baba wa uwanja, kwa heshima kubwa mno kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kukwambia.

Nakuandikia ili nikueleze nilichofanya na jina lako. Nitaeleza kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa kitivo cha sheria: kwanza mambo yalivyokuwa, kisha hoja, kisha uamuzi.

Unaikumbuka siku ya mkutano katika ukumbi wa meya, wakati mji ulipokuwa ukijadili kama fedha za leta, fedha za serikali, ziende kwenye uwanja. Walikuwepo waliosema mto ujengewe kuta kwanza, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Nyumba zao zilikuwa zimekwisha kuonja maji. Nikasimama kwa niaba ya wanafunzi. Nilisema kwamba fedha ya umma si sadaka ya kugawiwa wenye shida pekee, kwamba mji una haki ya kujenga jambo la fahari kama ulivyo na haki ya kujenga mfereji. Hoja hiyo ninaisimamia hata leo. Lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kupanda juu, ukumbi ulikuwa umekwisha kuwaka, nikaongeza sentensi ambayo hoja haikuihitaji: "Mpaka lini uwanja wa mji wa Uvira utachorwa kwa majivu ya masufuria ya mama zetu?"

Walipiga meza. Walipiga miluzi. Wewe ulikuwa umekaa safu ya tatu, kofia juu ya magoti.

Tuliporudi nyumbani kwa miguu ulisema jambo moja tu. "Umesema muzuri. Lakini ile majivu haiko ya masufuria. Iko ya miti." Nikacheka. Nilidhani unanisahihisha kuhusu majivu tu.

Sasa nieleze utaratibu wenyewe, kwa kuwa nimelazimika kuueleza mbele ya watu wasioujua, na ninataka uone kama niliueleza sawasawa. Chokaa haikuwepo. Ofisi iliyokuajiri ilikupa panga la kufyekea na neno la kukutia moyo. Basi ukakubaliana na wanawake wanaobanika samaki aina ya mikeke na kukausha ndagala: kila Ijumaa kila mmoja alete ndoo ya majivu ya kuni, si ya makaa, kwa sababu ya makaa ni ya kijivu na hayaonekani kutoka mbali. Anayeleta majivu ana mahali pake pa kuuzia ndani ya uzio siku ya mechi, kando ya mstari alioulisha. Asiyeleta auzie nje. Mama Nabintu wa Sange alileta yale meupe kuliko yote, nayo hayakuwa ya kuni bali ya maganda ya mpunga, akiyasafirisha kwa basi dogo akiwa ameyapakata kama mtoto, na ndiyo maana alipewa kona ya goli la ziwani, ambako watazamaji hujaa.

Uwanja ulipofungwa kwa ujenzi, wanawake walitoka. Ulipofunguliwa, walinzi wapya wenye sare waliwazuia mlangoni. Sababu ilikuwa safi kama hesabu ya darasani: mistari imeshonwa, kwa hiyo majivu hayahitajiki; na kama majivu hayahitajiki, wenye majivu hawana shughuli ndani. Kamati ya uwanja ikatangaza kwamba vibanda chini ya jukwaa vitatolewa kwanza kwa watu wanaoweza kuthibitisha kwamba walikuwa na mahali kabla ya ujenzi. Vitakavyobaki vitatolewa kwa atakayelipa zaidi. Wafanyabiashara wakubwa walianza kupima kuta kwa hatua za miguu siku hiyohiyo.

Wanawake hawakuwa na karatasi. Walikuwa na wewe, na wewe tulikuwa tumekuzika.

Wakaja nyumbani kwetu, wakajaa uani. Shangazi Feza alikuwa wa kwanza kufungua mdomo, dada yako yuleyule, sauti yake ikitangulia kifua chake. "Avoka wa meya! Toka huku!" Nilimwambia mimi si wakili, bado ni mwanafunzi. "Siku ile mbele ya watu haukukuwa mwanafunzi. Weye njo ulitufukuza na kinywa yako. Utufungulie na kinywa yako." Mama aliwaletea maji ya kunywa, wala hakunitetea kwa neno hata moja.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati. Unamfahamu: ni yule winga wa kushoto uliyemfagilisha uwanja mzima kwa sababu alikojoa nyuma ya goli. Sasa ana kitambi na mihuri. Alinipokea kwa adabu, akanionyesha kibao cha bluu kilichoegemezwa ukutani, rangi bado ikinuka: MLANGO WA PAPA TEREN. Mimi ndiye niliyeliomba jambo hilo baada ya mazishi, kwa barua yenye kurasa nne. Wachezaji wote wangepita chini ya jina lako.

Akaniambia: "Binti, baba yako alikuwa na roho nzuri. Aliwahurumia wale wamama. Lakini roho nzuri siwezi kuiweka ndani ya faili." Nikamwambia haikuwa huruma, yalikuwa makubaliano. Akanieleza, bila ukali wowote, kitu ambacho mimi mwenye masomo nilipaswa kukiona kabla yake. Kama ni makubaliano, basi mtumishi wa leta alikuwa akitoa ardhi ya leta kwa watu bila ruhusa, kwa malipo ya majivu. Jina la mtumishi wa namna hiyo haliwezi kuandikwa juu ya mlango uliojengwa kwa fedha za umma. "Kama ni huruma, kibao kinapanda. Kama ni makubaliano, kibao kinabaki hapa. Fikiri vizuri. Minye nilimpenda yule mzee."

Nilifikiri, Papa. Kwa siku kadhaa nilitafuta njia ya tatu, kwa kuwa sisi wasomi tunaamini kwamba njia ya tatu ipo daima, na kwamba aliyeikosa hakusoma vya kutosha. Nilifungua vitabu. Nilifungua madaftari. Kisha nikagundua kwamba ninachotafuta si njia ya kuwasaidia wale wanawake. Ninatafuta njia ya kukiona kibao kikipanda.

Hapo nilikaa chini. Nilikumbuka vidole vyako vilivyopasuka, vyeupe hadi kwenye kucha, vikishika kamba. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitembea kinyumenyume ukimwaga, hatua kwa hatua, na mimi mdogo nikiwa nimeshika ncha ya pili. "Vuta. Usicheze. Vuta." Na mimi ndiye niliyesimama ukumbini, mbele yako, nikasema... Unajua nilichosema. Inatosha.

Kikao cha kamati kilikuwa mchana, madirisha wazi, upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi za katibu. Wanawake walikaa nyuma. Nilisimama kuthibitisha kwamba hukuwa na huruma.

Nilianza na chekecheo lako. Nilieleza kwamba kila Ijumaa ulikuwa ukichekecha kila ndoo, na yenye mchanga ulikuwa ukiirudisha. "Mama Sifa, hii majivu iko na mchanga. Unataka nichore mustari ao nijenge nyumba?" Mama Sifa alikuwa pale nyuma, akaguna. Nikauliza kamati: tangu lini mtu anayetoa sadaka akakagua ndoo ya anayempa?

Kisha nikaeleza habari ya Shangazi. Kabla sijamaliza alikuwa amekwisha kusimama juu ya benchi. "Alinifukuza! Kaka yangu wa tumbo moja! Majivu yangu ilinyeshewa mvua kidogo tu, akanitosha inje kama mbuzi, watu wote wanaangalia!" Ukumbi ukacheka, katibu akacheka, hata mwenyekiti alifunika mdomo kwa faili. Shangazi hakucheka. Bado amekukasirikia, Papa, na kwa mara ya kwanza hasira hiyo ilitumika kama ushahidi.

Mwisho nilieleza siku ya mechi kubwa ya mvua, Mama Nabintu alipokuwa amelazwa baada ya kujifungua. Yeye hakuja, lakini majivu yake yalikuja; dereva wa basi aliyashusha. Na ile kona ya goli la ziwani ilikaa tupu mchana kutwa, huku wanawake wengine wakilowa nje ya uzio wakikuomba uwaingize. Uliwaambia: "Pale pana mutu." Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndoo. Mwenye huruma angewaingiza waliolowa. Wewe ulilinda haki ya mtu ambaye hayupo. Hayo, niliwaambia, sheria inayatambua, na yana jina lake, na jina hilo si roho nzuri.

Kisha nikarudia sentensi yangu ya ule mkutano wa kwanza, neno kwa neno, ili iandikwe kwenye kumbukumbu, na nikaifuta. Nilisema: niliuliza mpaka lini uwanja wa mji utachorwa kwa majivu ya mama zetu, kana kwamba uwanja huo ulikuwa ukisubiri leta ianze kuugharamia. Uwanja huo ulikuwa na fedha za umma tangu zamani. Zilikuwa zikija Ijumaa, ndani ya ndoo, kichwani. Leta imekuja kuongeza paa. Karibu leta. Lakini aliyechangia baadaye hawezi kumfungia mlango aliyechangia kwanza, na kama sheria ya uwanja mpya inasema anaweza, basi tumejenga uwanja kwa fedha za watu ili tuwatoe watu.

Mwenyekiti akaniuliza, kwa rekodi, kama ninaelewa maana ya ushahidi wangu kuhusu marehemu baba yangu. Nikasema ninaelewa. Akauliza mara ya pili. Nikasema: "Ndiyo. Alifanya bila ruhusa." Sauti yangu ilitoka vizuri. Nilishangaa ilivyotoka vizuri.

Uamuzi ni huu. Wanawake wamepewa vibanda vyote vya chini ya jukwaa, upande wa ziwani, kwa orodha waliyoitunga wao wenyewe. Mabishano ya kuitunga yalisikika mpaka sokoni, lakini iko. Hati zenyewe zinasubiri muhuri. Mlango wa wachezaji unaitwa Mlango B. Mwenyekiti alinipa kibao nije nacho nyumbani, akakibeba mwenyewe mpaka kwenye pikipiki. Mama alikigeuza huku na huku, akasema, "Hata angekiona, angeuliza ni nani amekipaka rangi vibaya." Kisha akaingia ndani na kukaa humo muda mrefu.

Wapo mjini wanaosema sasa kwamba Papa Teren alikuwa akiuza uwanja. Siwajibu wote. Baadhi yao niliwafundisha mimi kupiga meza.

Habari nyingine ni chache. Ninamaliza mwaka huu wa masomo, Mungu akipenda. Shangazi anabanika mikeke yake katika kibanda namba ya tano na kuwatukana walinzi wenye sare kwa majina yao. Habari za usalama sitakuandikia. Wewe ulikuwa ukisikiliza redio kuliko sisi sote.

Sasa ninakuaga. Jina lako lilikuwa mkononi mwangu, Papa, nikalitoa, na nilijua ninalitoa kwa ajili ya nini. Sikuombi uniambie kwamba nilifanya vyema. Ninakuahidi mambo mawili. La kwanza, sitaketi katika kiti chochote cha jukwaa lile mpaka kila mwanamke katika orodha awe na hati yenye muhuri na jina lake kamili, si "mama wa samaki", jina lake. La pili, mimi sitaandika tena barua ya kuomba mlango upewe jina lako. Siku wale wanawake watakapokuwa na hati mkononi, uwanja utakuwa wao kama ulivyo wa leta, na wakitaka kukuandika mahali, watakuandika. Wakikataa, kwa zile ndoo ulizowarudishia, nitakubali pia.

Lala vema.

Binti yako,
Riziki