Ukisusa Maonyesho, Wenzio Wala Keki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usitaje jina langu maana hapa Korrabin hata mbwa wananijua, mimi ni mkulima wa ngano, mtu mzima mwenye wajukuu, na tangu Jumamosi ya maonyesho ya kilimo nalala kwenye kochi, kisa nimeshinda utepe wa bluu wa keki ya sponji.

Mke wangu Glenys ndiye malkia wa sponji wilaya hii, hajashindwa tangu binti yetu wa mwisho aolewe, na mwaka huu kamati ilimteua jirani yetu Dinesh kusimamia banda la keki, sasa huyu Dinesh ameoana na mwanamume mwenzake, Alasdair, na wana binti yao wa miaka tisa, Odette, basi Glenys akasimama baada ya ibada akasema familia ya namna ile haistahili heshima ile, kwa hiyo mama yeyote anayejiheshimu asipeleke keki hata moja, meza zikae tupu, watu waone, na Coral, katibu wa akina mama wa kanisa, akaenda kulitangaza kwenye redio ya mkoa, na hapo ndipo walipojichimbia kisima, mshauri, kwa sababu mkoa mzima haukusikia kwamba Dinesh amesusiwa, ulisikia kwamba Glenys hashindani!

Siku moja Odette akanifuata pale uzioni, midomo ameibenua kwa hasira, akasema, "Babu Merv, nimefanya mazoezi ya sponji tangu baridi ianze. Wasipoleta wengine nitashindana na nani? Utepe wa bure siutaki mimi!" Nikamwambia atulie, akaniuliza, "Kwani Bibi Glenys ananiogopa?" Nakwambia niliona aibu, mtoto anataka kushindana tu na watu wazima wanamtandikia meza tupu, ndipo nikajikuta nasema, "Haya, utashindana na mimi," naye akacheka mpaka akaushika uzio. "Wewe? Hata chai unaunguza!"

Glenys alipokwenda kwa dada yake nikachukua mayai yake ya bata, nikafanya kila kitu nilichomwona akifanya miaka yote hii, nikakaa mbele ya oveni bila kuifungua kama mtu anayelinda benki, keki ikaiva nikaipoza juu ya kitambaa isije ikapata alama za waya wa kupozea, maana majaji wetu hawasamehe alama za waya, nikaipaka sukari laini iliyokorogwa na maji ya pasheni, nikaificha kwenye gari.

Siku yenyewe, lo! Banda lilijaa mpaka wakaenda kuazima meza za shule, kila aliyewahi kushindwa na Glenys kaja na keki, wakata manyoya ya kondoo wameleta, dereva wa lori la maziwa ameleta, hata Coral mwenyewe alikuwa na keki yake ya matunda kwa jina la shemeji yake, kana kwamba kuna mtu asiyeijua keki ya Coral. Majaji walitoka mbali na majina hawayaoni, wakakata, wakaonja, wakanong'ona, mimi wa kwanza, Odette wa pili! Banda zima likapiga makelele, Odette akanirukia shingoni, "Nimeshindwa kihalali! Mwakani nakuchapa!" Dinesh akalia mbele za watu, na mimi sijafurahi namna ile tangu ukame ulipokwisha.

Lakini Glenys kasema, "Ama urudishe utepe na uombe radhi kanisani Jumapili, ama ulizoee kochi." Nampenda mke wangu, mshauri, sitaki kuzeeka na mtu asiyenisemesha. Nirudishe?

Mshindi wa Kochini, Korrabin

JIBU

Umeomba nisitaje jina lako kisha ukalitaja mwenyewe, basi tusisumbuane, Mervyn. Pole kwa mgongo. Hongera kwa sponji.

Utepe haurudi. Ukiurudisha unamwambia yule mtoto kwamba hata kushindwa kwake kulikuwa mchezo wa kuigiza. Na hiyo radhi ya kanisani ni ya kosa gani, kupika?

Mkeo alidhani akiondoka meza itabaki tupu. Ukisusa, wenzio wala. Juzijuzi watu wa mji wa jirani waliwasusia wanawake wawili waliooana, wenye duka la mikate. Leo ukifika pale saa tatu asubuhi mikate imekwisha. Watu wa kwetu ukiwaambia wasinunue kwa fulani, kwanza wataenda kumtazama, na wakishafika watanunua.

Lakini usicheke bado, nina ugomvi na wewe pia. Glenys aliposimama baada ya ibada, wewe ulikuwa umekaa wapi? Ubavuni mwake, unakagua kofia yako. Mtu mzima ukangoja mtoto wa miaka tisa aje akuulize swali lililokuwa lako. Ukamsubiri mkeo aende safari ndipo ushujaa ukujie, tena kwa mayai yake. Aibu, mzee!

Sasa sikiliza. Leo kabla ya chakula, toa huo utepe kwenye kioo cha gari, mji mzima tumeshauona. Kaa na mkeo. Omba radhi kwa mambo mawili tu: mayai, na ukimya wako siku ile. Kisha mwambie kwamba kila ulichofanya umejifunza kwa kumtazama yeye, na kwamba alikosea kuwasusia watu wasiomkosea chochote. Sema yote mawili, usimeze hata moja. Halafu mfikishie swali la Odette kama mtoto alivyolisema, bila kuongeza chumvi. Jumapili nendeni kanisani, mkakae kimya kama watu wengine. Akishikilia kochi, lala kochini. Linaumiza mgongo tu.

Na hili nisingepaswa kulisema. Jumatatu kuna mama alipiga simu ofisi ya maonyesho, akakataa kujitambulisha, akauliza uandikishaji wa keki za mwakani unaanza lini, na kama yule binti wa Dinesh na Alasdair atashiriki tena. Aliyepokea simu anaijua sauti ya Glenys tangu shule ya msingi. Anza mazoezi, Mervyn, mwakani utachapwa na wote wawili.