Nani Anakula Dawa ya Bwawa?

Jumatatu, 3 Februari

Goti limekunjika leo bila kulia! Wiki ya tatu tangu nitoke kwangu Kabuchai nije huku Kitale kwa binti yangu, na fimbo nimeshaisahau mlangoni mara mbili. Daktari alisema nitembee ndani ya maji. Hakusema maji ya nani.

Maji ni ya bwawa la kuogelea la mkwe wangu, Derrick. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono, sembuse kuoga maji yale yale. Kwa heshima hiyo hiyo silali nyumba moja naye – nimepewa kijumba cha nyuma, hatua kumi kutoka bwawani. Wamempa fisi bucha! Saa kumi na moja alfajiri naingia na gauni langu kuukuu, saa kumi na mbili nimeshatoka. Edinah, binti yangu, anadhani ninasali.

Jumanne, 4 Februari

Derrick ana shida. Kila jioni anatia klorini, kila asubuhi anapima, na maji ya kichupa cha kupimia yanabaki meupe badala ya kugeuka njano. Dawa imeisha! Edinah anasema maji yasiyo na dawa yanaota ukijani na kuleta magonjwa. Derrick kalaumu jua. Kisha pampu.

Nami kutoka kibarazani, kwa sauti ya upole: "Edinah, mwambie Baba Kevin labda ni majani ya ule mti wa kando ya bwawa." Derrick alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kila neno, lakini akangoja Edinah amwambie.

Jumatano, 5 Februari

Mti umekatwa. Maskini mti.

Alhamisi, 6 Februari

Klorini bado iko chini. Derrick anasema – kupitia Edinah – ikifika Jumatatu bado hivi, anamwaga maji yote na kufuga samaki. Ati amewaona wakulima kule chuo cha Mabanga wakifunzwa ufugaji. Samaki!

Nimekaa kitandani nikilishika goti. Naogopa. Sitaki kurudi kwa fimbo. Sitaki tena kuinuliwa kanisani na watu wawili kama gunia la mahindi.

Ijumaa, 7 Februari

Fundi amekuja, Kipruto wa mtaa wa Tuwan, mtu mzima mwenye miwani. Edinah na Derrick wako kazini, kwa hivyo nimemfungulia mimi. Amezunguka bwawa lote. Akapitisha kidole kwenye vigae karibu na ngazi, akanusa.

"Mama, hii si jua. Jua haiwaki usiku. Hii ni mafuta. Mafuta ya mwili inakula dawa vibaya sana. Nani anaogelea hapa?"

"Watoto," nikasema. Mungu anisamehe, watoto wako shule ya bweni.

Ni mimi! Kila alfajiri najipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, kutoka kisogoni hadi kisiginoni, ili dawa isinipaushe. Mwanamke wa rika langu ataingiaje kanisani na miguu ya majivu? Wiki tatu, makopo mawili makubwa, yote yameishia bwawani. Nimecheka hadi Kipruto akauliza kama niko sawa.

Jumapili, 9 Februari

Siku mbili bila mafuta. Njano! Njano safi kabisa! Derrick anapiga mluzi. Ati ulikuwa ule mti, yeye alijua tangu mwanzo. Nimemwachia sifa zake.

Kanisani Edinah kanitazama miguu. "Mama, si umepauka! Ni kama umelala kwa unga." Nikamwambia ni baridi ya Kitale.

Jumatatu, 10 Februari

Naandika ndani ya chumba cha pampu, kwa kalamu na karatasi za Derrick za vipimo. Nimejifunga turubai, na nisipoandika nitapiga kelele.

Nilikuwa katikati ya maji mlango wa jikoni ukafunguka. Derrick! Na kaptura, tumbo wazi, amekuja kuyafurahia maji yake. Nikapiga yowe. Naye akapiga. Papo hapo akageukia ukuta, mikono kichwani, kama mtu aliyeshikwa na polisi. Taulo yangu iko kwa kiti, karibu naye. Ningeifuata vipi? Nikakimbilia huku. Nikakimbia! Mimi!

Kisha akauambia ukuta, "Kama kuna mtu huko ndani, mimi sijaona mtu."

Nikajifunika turubai hadi kidevuni.

"Na huyo mtu, kama hii maji inamsaidia mguu, hiyo maneno ya samaki naacha, hata dawa ikiisha tena."

Machozi yamenitoka, na kicheko pia, nimeuma turubai.

Sasa nasikia ndala za Edinah. Anauliza kelele zilikuwa za nini, na mama yuko wapi, kitanda ni kitupu. Derrick anakohoa. Anasema hapa ni yeye na dawa tu.

Mkwe ninaye!

Kiti kimelia. Edinah ameketi. Anauliza mbona taulo ya mama iko hapa.

Derrick anakohoa tena –